Tusisome Sharhe Tukaacha Matni

Ingia duka lolote la vitabu Mombasa, Malindi au Lamu wakati shule zinapofunguliwa, usimame kando utazame watu wananunua nini. Utamwona mzazi amekuja na karatasi yenye orodha. Atauliza bei ya riwaya, atauliza bei ya tamthilia, atatia hesabu kichwani, kisha atauliza: "Na mwongozo wake je?" Mwuzaji akimpa vyote viwili, mzazi huvipima mkononi. Riwaya ni nene, mwongozo ni mwembamba. Riwaya ina maneno magumu, mwongozo umeyafungua. Riwaya haina maswali, mwongozo una maswali na majibu yake pamoja. Fedha zikiwa hazitoshi kununua vyote viwili, wewe msomaji wadhani kipi kitarudishwa rafuni?

Mimi nimeona si mara moja riwaya ikirudishwa. Na siku hizi hata kwenda dukani si lazima, kwani miongozo hupitishwa kwa simu kutoka mwanafunzi hadi mwanafunzi, na kijana huusoma wake ndani ya matatu akiuelekea mtihani. Akitoka humo amejua maudhui, amejua dhamira, amewajua wahusika kwa majina na sifa zao. Kitabu chenyewe hajakitia machoni.

Sikukusudia katika makala haya kuwalaumu vijana, wala wazazi ambao mifuko yao naijua. Wala sikukusudia kuwashutumu wanaoandika miongozo, maana wengi wao ni walimu waliochoka kuona watoto wakifeli. Nakusudia kuuliza suala moja tu: hivi mwongozo ni kitu kigeni kwetu sisi watu wa pwani? Na kama si kigeni, wazee wetu walikuwa wakiutumia vipi?

MATNI NA SHARHE

Yeyote aliyewahi kukaa darasani msikitini, hata kwa mwaka mmoja, anajua kuwa elimu yetu yote imejengwa juu ya mambo mawili: matni na sharhe. Matni ni kitabu chenyewe, aghalabu kifupi, na mara nyingine kimetungwa kwa nadhamu ili kihifadhike kwa moyo. Sharhe ni maelezo ya kitabu hicho. Na juu ya sharhe huja hashiya, maelezo ya maelezo.

Mwanafunzi wa nahau huanzia Ajurrumiya ya Ibn Ajurrum, aliyefariki mwaka 1323. Ni kijitabu cha kurasa chache, lakini hakuna asiyehitaji mwalimu wa kumfungulia. Akipanda hukutana na Alfiya ya Ibn Malik, aliyefariki 1274, beti zipatazo elfu moja. Nani kati yetu atathubutu kuzifahamu beti hizo bila Ibn Aqil, aliyekuja karne moja baadaye akazieleza moja moja? Na katika fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafii kuna Minhaji ya Imam Nawawi, aliyefariki 1277. Kitabu hicho kimoja kilishereheshwa katika karne moja na mabingwa watatu: Ibn Hajar katika Tuhfa, Ramli katika Nihaya, na Khatib Shirbini katika Mughni. Hawakuona haya kuandika mwongozo wa kitabu cha mwingine. Waliona ni heshima.

Kwa hivyo asije mtu akatwambia kuwa mwongozo ni uvivu. Lau ungekuwa uvivu, maulamaa wetu wakubwa wangekuwa wavivu wakubwa, na la hasha!

Lakini sasa angalia jinsi vitabu hivyo vilivyopigwa chapa, kwani hapo ndipo penye siri. Fungua sharhe yoyote katika hizo. Utaikuta matni imo ndani yake, ama imetiwa katika mabano, ama imewekwa pambizoni, ama iko juu na maelezo yako chini. Huwezi kuinunua sharhe ukaikosa matni, maana sharhe imeibeba tumboni. Chukua Tafsiri ya Jalalaini, iliyoandikwa na Mahalli na kukamilishwa na mwanafunzi wake Suyuti: neno la Kurani na maelezo yake huenda bega kwa bega, hatua kwa hatua. Hata Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tafsiri yake ya Kiswahili ya Kurani Takatifu ilipotoka Nairobi mwaka 1969, Kiarabu kilikuwamo humo humo pamoja na Kiswahili, na maelezo yakafuata. Hakutaka msomaji asahau kuwa asemayo yeye ni maelezo tu.

Kuna na jambo la pili. Mwenye sharhe anapokuta mahali pagumu, hueleza kuwa fulani kasema hivi na fulani kasema vile, na akifika mwisho wa ujuzi wake huandika: Wallahu aalam. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mimi nimepitia miongozo mingi ya shule, na neno hilo, wala mfano wake, sijalikuta hata mmoja. Kila kitu kimekatwa: dhamira ni nne, sifa za mhusika ni sita, basi. Mtoto huzikariri sita, na ya saba aliyoiona mwenyewe huiogopa, asije akakosa alama.

MIONGOZO YA WENZETU

Miongozo ya shule kama tuijuavyo leo ilivuma kwanza ng'ambo. Huko Toronto, nchini Kanada, duka la vitabu la ndugu wa Coles lilianza kuitoa mwaka 1948. Mwaka 1958 Mmarekani mmoja wa Nebraska, Clifton Hillegass, aliyekuwa katika biashara ya vitabu, aliichukua kazi hiyo akaanza kwao na miongozo kumi na sita, yote ya tamthilia za Shakespeare. Jalada lake la manjano na milia myeusi likajulikana na kila mwanafunzi wa Marekani. Naye Hillegass mwenyewe alitia ndani ya vitabu vyake tangazo la kuwaonya wasomaji kwamba maelezo hayo hayakuwekwa yashike mahali pa kitabu. Mwenye mali mwenyewe alikuwa akijua vipi mali yake itatumiwa!

Kwa nini walianzia Shakespeare? Kwa sababu alifariki mwaka 1616, na Kiingereza chake kimewatoka Waingereza wenyewe. Mtoto wa London humsoma kwa taabu, maneno yamebadilika maana na mengine yamekufa. Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, alimfanya mwanafunzi wa Tanga au wa Mombasa apate njia nyepesi kuliko huyo mtoto wa London. Tafsiri nayo ni namna ya sharhe.

Basi ikiwa Waingereza wanahitaji kuongozwa katika Kiingereza chao, si aibu nasi kuongozwa katika Kiswahili chetu.

MWALIMU SIKUJUA

Na kwa kweli tulipata kiongozi mapema. Muyaka bin Haji wa Mvita, aliyefariki mnamo 1840, alitunga mashairi yaliyokuwa midomoni mwa watu, nyumbani na barazani. Lau yangeachwa hapo yangalizikwa na wenye kuyajua. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Karne ya kumi na tisa ilipokaribia kwisha aliyakusanya pamoja na Mwingereza W. E. Taylor, na hakuyakusanya kama mtu aokotaye kauri ufukoni akazitia mfukoni. Alieleza maneno, akaeleza na mambo yaliyoyazaa mashairi. Karatasi hizo zilisafiri hadi London, na kutokana nazo William Hichens akatoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, iliyopigwa chapa Johannesburg. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz naye akatoa kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka na zama zake.

Sasa jaribu kumsoma Muyaka bila maelezo hayo. Katika mashairi yake mna vita na majibizano ya Mazrui wa Mombasa na Seyyid Said wa Omani, ugomvi ambao haukwisha mpaka Mombasa ilipoingia mikononi mwa Seyyid mwaka 1837. Muyaka alikuwa upande wa mji wake, na mengi aliyasema kwa mafumbo. Asiyejua ugomvi huo atasoma fumbo aone maneno matupu. Na hali hii si ya zamani tu. Abdilatif Abdalla alifungwa kwa kuandika karatasi ya siasa mwaka 1968, akatunga gerezani mashairi yaliyotoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humo mna shairi la mamba. Mtoto asiyejua mtungaji alikuwa wapi alipolitunga atadhani anasomeshwa habari za mnyama wa mtoni.

Mwongozo mwema ni huo afanyao Mwalimu Sikujua: hukupa neno, hukupa tukio, kisha hukuachia shairi. Hakwambii ulione vipi.

NDOO SI YA KUTEKEA MAJI

Ugumu mwingine wa tendi zetu kongwe ni lugha. Nyingi zilitungwa Pate, Siyu na Lamu, na zikaandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo kwa asili yake hazina baadhi ya sauti zetu kama vile "p" na "ch". Msomaji wa waraka ilimbidi alijue neno kabla ya kulisoma. Sikio lilitangulia jicho.

Mwanafunzi wa leo huingia katika tendi hizo akiwa na Kiswahili cha shule, akajikwaa mlangoni. Akikuta "ndoo" hufikiria chombo cha maji, kumbe mtu anaitwa: njoo. Akikuta "kuteka" hufikiria kisima au nyara, kumbe ni kucheka. Lakini mlango huu una funguo, na si nyingi. Penye "ch" ya shule, Kiamu mara nyingi huwa na "t": macho ni mato, mchana ni mtana, nchi ni nti. Penye "nj" huwa na "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa. Penye "j" huwa na "y": moja ni moya, kuja ni kuya. Na penye "vi" au "vy" huwa na "zi" au "z": vitu ni zitu, vyombo ni zombo. Mtoto akipewa funguo hizi nne siku ya kwanza, nusu ya utendi humfungukia mwenyewe. Mwongozo mmoja uliopita mikononi mwangu ulikuwa na kurasa nyingi juu ya dhamira, na funguo hizi hata moja haukuwa nayo.

Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Mwongozo utakwambia dhamira yake ni kuwa dunia haidumu. Ni kweli. Lakini kila khatibu amekwisha kutwambia hayo, na hatukulia. Kinachomliza msomaji ni kwamba Sayyid hamwonyi mtu mwingine, anausemesha moyo wake mwenyewe. Ni kwamba anaingia naye katika majumba ya matajiri wa Pate, anamwonyesha taa zilizokuwa zikiwaka, na zidaka zilizopangwa vyombo vya kauri, kisha anamwonyesha ndege na popo waliohamia humo. Magofu ya Pate yapo, nayo hupigwa na jua mpaka leo. Mtu aliyeyaona kisha akausoma utendi huo hahitaji kuambiwa dhamira.

KISA CHA MWANA KUPONA

Likizo moja mpwa wangu wa kike, anayesomea ualimu wa Kiswahili, alinijia na karatasi za mwongozo zilizokuwa zikizunguka kwa wanafunzi wenzake.

"Mjomba," akanambia, "mwongozo wasema Utendi wa Mwana Kupona wamdunisha mwanamke. Nimeulizwa nitoe hoja. Nianzie wapi?"

"Utendi wenyewe umeusoma?"

"Nimesoma muhtasari wake."

Nilikuwa nao kitabuni, nikaanza kumsomea kwa sauti. Bibi yake, mamangu, alikuwa uani akipeta mchele, na mlango ulikuwa wazi. Yeye hakusoma shule, lakini amekulia visiwani na lugha hiyo ni ya kinywani mwake. Sikufika mbali akaita: "Huyo mgonjwa ni nani?"

Mpwa wangu akanitazama. Katika karatasi zake hamkuwa na mgonjwa.

Nikamweleza. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga utendi huo mwaka 1858, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufariki. Yeye mwenyewe alikuwa akiugua, na baadaye akafa. Anamwita binti yake akae karibu, alete wino na karatasi. Anamhusia dini, adabu, ulimi mwema, na kuwafadhili maskini. Anamhusia habari za mume, na ni kweli sehemu hiyo ni ndefu. Anamsimulia alivyoishi yeye na baba yake. Kisha anageuka kwa Mola wake, na dua yake ni ndefu pia.

Mama akaacha ungo akaja mlangoni. "Huyo mtu anakufa," akasema, "na mtoto baba hana. Kesho atabaki na nani? Na mumewe. Sasa mama amfunze nini?"

"Lakini bibi," mpwa wangu akajibu, "maneno ya kumtii mume yamo."

"Yamo. Nani kakwambia hayamo? Lakini na mama yumo. Wewe karatasi zako zimemtoa mama, zikabakisha maneno."

Tuliumaliza utendi wote jioni ile, beti mia moja na ushei, mimi nikisoma na mama akifasiri kila tulipokwama. Mpwa wangu hakubadili rai yake yote. Alishikilia kuwa kuna beti zinazomwelemea mwanamke, na bibi yake hakumkataza, walibishana mpaka isha. Lakini hoja zilikuwa zake sasa, na kila hoja ilikuwa na ubeti wa kuisimamia. Hilo ndilo nililolitaka. Mtu ana haki ya kukikataa kitabu, ila akikatae baada ya kukisoma.

TUFANYE NINI?

Sisemi miongozo ichomwe. Mwalimu wa Kitui au wa Kakamega hana mama aliyekulia visiwani kumwuliza mlangoni, wala mwanafunzi wake hana. Kwao mwongozo ndio bibi. Na mtihani unapouliza maswali yale yale ambayo majibu yake yamo katika mwongozo, si haki kumlaumu mtoto kwa kufuata njia aliyochongewa. Wenye kutunga mitihani nao wajiulize: je, swali hili laweza kujibiwa na mtu ambaye hakukifungua kitabu? Likiwa laweza, basi wamemtahini mwandishi wa mwongozo.

Kwa mwanafunzi nina nasaha fupi, nayo ni ile ile ya chuoni. Soma matni kwanza, na usome kwa sauti, hata kama hukufahamu, maana tendi zilitungwa zisikike. Tia alama kila ulipokwama. Kisha fungua mwongozo, uuulize yale uliyokwama tu. Kisha rudi katika matni mara ya pili, usome yote tena. Ukiona mwongozo umesema jambo ambalo hukuliona, litafute ubeti wake. Usipouona ubeti huo, usiliandike.

Kwa mzazi: fedha zikiwa hazitoshi, nunua kitabu. Mwongozo waweza kuazimwa usiku mmoja ukarudishwa.

Na kwenu wenye miongozo, tieni funguo za lugha mbele ya dhamira. Tieni beti zenyewe pale mnapozieleza, kama wazee walivyofanya. Na pale mlipofika mwisho wa ujuzi wenu, semeni.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Sharhe ya tendi hizi haimo yote vitabuni. Iliyo kubwa imo vifuani mwa watu wazima wa Pate, Siyu, Faza, Lamu na mitaa ya Mji wa Kale, nao hupungua kila mwaka. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany aliliona hilo mapema. Alitunga Sambo ya Kiwandeo, iliyotoka 1979, ili majina ya sehemu za jahazi yasipotee, na Umbuji wa Mnazi, uliotoka 1985, ili maneno ya mnazi yasipotee. Aliandika matni yenye sharhe ndani yake. Lakini yeye alikuwa mtu mmoja.

Kila mwenye mzee nyumbani anaweza kufanya sehemu yake. Mwana Kupona alimwambia binti yake alete wino na karatasi. Leo wasemaji wenyewe wapo, nao hawajaulizwa. Basi jioni ya leo chukua utendi mmoja, uwe wowote, ukae karibu na mzee wako, umsomee polepole. Atakapokusimamisha, andika.

Wassalaam.